Sura ya Saba: Kaseti za Jumapili

"Afande, mimi nauza mbuzi. Siuzi watu."

Isaak alisema hivyo bila kuinua kichwa. Alikuwa amekaa chini kwa seli ya Kitengela, miguu amekunja, kofia yake ameiweka juu ya goti. Sajini Nasike alisimama upande huu wa vyuma. Tangu jana alikuwa anauliza swali moja, na tangu jana alikuwa anapata jibu moja.

"Koti ya Sironka ilifikaje kwa lori yako?"

"Aliiacha wiki iliyopita. Alikuja kunisaidia kupakia mbuzi, jua ikamchoma, akavua. Huyo ni rafiki yangu. Tafuta vizuri, ata soksi zake utapata huko."

"Na damu?"

"Lori ya mbuzi, afande." Sasa akainua kichwa. "Ungekosa damu hapo ndio ungenishika."

Konstebo wa zamu akacheka, akaona Nasike hacheki, akajifanya anakohoa.

Hii maneno ilikuwa imeshika Kitengela yote kooni. Sironka alikuwa dereva wa Mheshimiwa Parsaoti, tena mtoto wa ndugu yake. Parsaoti alikuwa bado hajakuwa mheshimiwa wa kitu chochote, alikuwa tu anasimama ubunge, lakini watu walishaanza kumwita hivyo na yeye alishaanza kuitika. Alhamisi aliingia kituoni na Bibilia kwapani, akaandikisha statement: kijana amepotea, na mara ya mwisho alimwona Jumatano jioni akipanda lori ya Isaak. Vijana wa kampeni wakaenda wakapekua hiyo lori kabla polisi haijafika, wakatoka na koti juu ya fimbo kama bendera.

Tangu hiyo siku kampeni ilikuwa na wimbo moja. Picha ya Sironka ilibandikwa kando ya picha ya Parsaoti kwa kila nguzo, kutoka Noonkopir mpaka Isinya, yule mzee akitabasamu, yule kijana akikuangalia tu. Ikasemekana wapinzani walilipa Wasomali kama Isaak wamuibe. Ijumaa asubuhi wenye maduka wakaamka wakapata mtu amepita akichora msalaba wa makaa kwa milango ya Waislamu peke yao. Hakuna aliyeona nani. Walifuta. Leo asubuhi misalaba ikawa imerudi.

Jumatatu Isaak angepelekwa korti Kajiado kwa kesi ya mauaji. Leo ilikuwa Jumamosi. Nje, karibu na ua, bibi yake Habon alikuwa ameketi na chupa ya chai yenye hakuna mtu alikuwa amemruhusu kuingiza.

"Tangu Jumapili iliyopita umekuwa wapi?" Nasike aliuliza, akiwa ashageuka kuenda.

"Garissa. Kuzika mjomba. Nilirudi hapa Jumanne. Si mlipiga simu huko mkaambiwa?"

Walikuwa wamepiga. Waliambiwa. Lakini Parsaoti alisema Jumatano, na Jumatano Isaak alikuwa hapa.

* * *

Boma ya Soila, mama ya Sironka, ilikuwa mbali na lami, huko uwanda unaanza kufunguka na upepo haina kitu cha kuizuia. Nasike aliacha pikapu ya kituo kwa barabara sababu mvua ya Novemba ilikuwa imegeuza njia kuwa uji. Akatembea. Vumbi ya simiti kutoka viwanda vya Athi River ilikuwa imelalia majani, nyeupe, na nyumbu walikuwa wamesimama mbali wote wakiangalia upande mmoja.

Kabla aone boma, alisikia sauti.

"Sironkaaa!"

Ikanyamaza. Upepo ikapita. Halafu tena.

"Sironkaaa!"

Haikuwa sauti ya kulia. Ni venye mama anaita mtoto aje ale. Hiyo ndio ilifanya nywele za Nasike zisimame shingoni, na yeye ni mtu ameshika maiti kwa mkono.

Soila alikuwa kwa lango la miiba, mkono moja umeshika mti.

"Takwenya, mama," Nasike akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Soila akaitikia, akamwangalia buti zenye matope. "Umetembea. Basi huna habari. Mwenye ako na habari huja na gari mpaka hapa."

Waliingia ndani. Jirani anaitwa Dinah, mama wa kanisa mwenye alikuwa akilala hapo kumshikilia Soila, akaleta chai. Nasike akafungua fomu yake ya statement juu ya goti.

"Jina kamili ya kijana?"

"Sironka."

"Baba yake alikuwa anaitwa nani?"

Soila akaangalia moto. Nasike akafikiri hajasikia, akauliza tena. Soila akachukua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa.

"Madam," Dinah akasema polepole, "andika tu 'baba yake'. Huyo alienda. Mtu akienda, watu wake hawataji tena jina lake."

Nasike alikuwa amesikia hiyo maneno kwa kantini, kati ya stori zingine za Wamaasai zenye polisi wa bara hupiga wakingoja chapati. Hakuwa amewahi kuiona ikikaa kwa uso wa mtu.

"Ata mkishaokoka?"

Dinah akaona aibu kidogo. "Tunafundishwa ni ushamba. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto Sunday School ni ushamba. Lakini jina ya baba yangu siwezi sema. Mdomo yenyewe inakataa, madam. Ni kama kukanyaga kaburi."

"Lakini Sironka mnamwita."

"Sironka hajakufa," Soila alisema. Macho yake yakawa kama msumari. "Mimi ndio nilimpa hilo jina. Nikiacha kumwita, ni mimi nimemuua."

Nasike akaandika, sababu mkono ukiwa na kazi uso hauonekani sana.

"Mara ya mwisho alikuja hapa lini?"

"Jumamosi iliyopita, usiku ule kabla ya Jumapili. Hakula. Aliniambia, yeyo, mama, baba mdogo amesimama pale kwa dip ya kuogeshea ng'ombe akaapa hakuna mtu atauza hiyo ardhi ya watu wote. Akasema, na ni mimi nilimpeleka kwa wanunuzi na gari. Ameshaiuza. Nikamwambia, nyamaza, huyo amekulea. Akasema Jumapili wakitoka kanisa atamwambia aseme ukweli mbele ya watu. Asiposema, atasema yeye."

"Ulimwambia mtu hii?"

"Nilimuuliza shemeji mwenyewe. Alikuja hapa na wapiga picha, akanishika mabega, akalia. Nikamuuliza sikioni. Akasema kijana alichanganyikiwa."

"Alisema kijana?"

"Eh. Kijana."

Nasike akafunga kalamu.

* * *

Ndani ya pikapu alitoa nakala ya statement ya Parsaoti, akaisoma dirisha zimefungwa. Kijana wangu. Mtoto wa marehemu ndugu yangu. Dereva wangu. Huyo mtoto. Ukurasa mzima umejaa huzuni, na Sironka hayuko. Hilo jina liko pale juu tu, na hapo ni mwandiko wa konstebo.

Wakati alipoisoma mara ya kwanza alidhani ni ukubwa tu. Wakubwa hawashiki majina ya madereva.

Akageuza gari, akaenda Noonkopir kwa Morgan.

Morgan alikuwa anakodisha spika na maiki kwa harusi, matanga na siasa, na alisema zote tatu ni kazi moja, tofauti ni chakula. Duka lake lilikuwa limejaa nyaya mpaka mteja anasimama na mguu mmoja.

"Madam Nasike! Unaolewa ama unazika?"

"Nasikiza. Mikutano ya Parsaoti, si unarekodi?"

"Yote. Akifika nyumbani anapenda kujisikiza. Mtu akipenda sauti yake hivyo, bibi yake ana shida." Akavuta kiboksi ya viatu yenye kaseti. "Unataka gani?"

"Jumapili iliyopita, kanisani, asubuhi."

Morgan akaweka. Mkwaruzo kwanza. Halafu sauti ya kijana, karibu kabisa, kama mwenyewe amesimama nyuma yao katikati ya nyaya.

"Hello. Hello. Wewe Morgan, hii maiki inanuka kitunguu."

Morgan alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikafia njiani. Akapitisha mkono usoni.

"Ni yeye," alisema. "Ni Sironka. Wueh. Sikukumbuka hiyo imeingia."

Mlango wa duka ulikuwa wazi, jua limejaa nje, na Nasike alisikia baridi kwa mikono. Kaseti ikaendelea. Parsaoti akaja, sauti nzito, ya kupaka mafuta.

"Ndugu zangu, tuache mila za giza! Kuogopa wafu, kuogopa mapepo, kuogopa ata jina ya mtu! Ni ujinga! Sisi ni watu wa nuru! Sironka, hebu leta maji. Mnamwona huyu Sironka? Huyu ni mtoto wangu. Sironka, simama watu wakuone."

Makofi.

"Sasa Jumapili hiyo hiyo, mchana."

"Isinya." Morgan akabadilisha. "Hapo Sironka hakukuja. Mzee alikuja akiendesha mwenyewe, amechelewa, viatu zimejaa matope. Akasema amemtuma Kajiado."

Mkutano wa Isinya ulikuwa na upepo mwingi. Mtu kwa umati akapiga kelele: Sironka ako wapi leo, mbona hatujamwona? Parsaoti akavuta pumzi. Ilisikika vizuri, hiyo pumzi, kwa sababu mdomo ulikuwa umekaribia maiki. Mdomo ulifunguka. Kitu kikakaribia kutoka. Hakikutoka.

"Huyo... huyo wetu nimemtuma Kajiado."

"Rudisha," Nasike akasema.

Morgan akarudisha. Pumzi. Kimya. Huyo wetu.

Wakasikiza ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano. Watu walimtaja Sironka, kina mama walimuulizia, mchungaji alimsalimia kwa maiki akidhani ako kwa gari. Parsaoti akawa anasema kijana, dereva, yule mtoto, na kila mara kabla aseme, kulikuwa na hicho kishimo cha pumzi. Morgan akazima mashine mwenyewe bila kuambiwa.

"Madam, mbona inanifanya hivi? Mimi nilikuwa hapo siku hizo zote, sikusikia kitu."

"Jumapili mchana, nani alikuwa anajua Sironka amepotea?"

"Hakuna. Sisi tulisikia Alhamisi."

"Basi yeye aliacha kumwita kabla watu waanze kumtafuta."

Morgan ni Mluhya kama yeye, hii si mila yao, ilimchukua muda kidogo. Halafu akakaa juu ya spika.

"Jamani. Na venye alikuwa anatuhubiria."

* * *

OCS, mkuu wa kituo, alisikiza kaseti mpaka mwisho, mikono nyuma ya kichwa. Hakuwa mjinga. Alikuwa tu na transfa yenye alikuwa anaiogopa.

"Kwa hivyo kijana alikufa Jumapili kati ya kanisa na Isinya. Mzee alikuwepo. Na Isaak alikuwa Garissa akizika."

"Ndio, afande."

"Sawa. Jumatatu nasimama mbele ya hakimu nasema nini? Mshukiwa alikataa kusema jina? Nasike, ata mimi bibi yangu simwiti jina. Tumeishi vizuri tu."

"Ameuza ardhi ya watu wote. Kijana alitaka kusema."

"Mama yake anasema kijana alisema. Huyu mtu akishinda, mimi na wewe tunaenda kuchunga ngamia mpakani. Leta mwili, Sajini. Bila mwili, Msomali anapanda gari Jumatatu."

Aliposema mwili, aliangalia dirishani, pale Habon ameketi.

Nasike alirudi kwa Soila kabla jua lishuke. Alitembea tena kwa matope. Kesho Parsaoti angefanya maombi makubwa kwake nyumbani kwa ajili ya kijana, na Soila angewekwa kiti cha mbele watu wamwone.

"Mama, nataka umuulize shemeji yako kitu kesho, mbele ya watu. Amwite Sironka kwa maiki. Ni hiyo tu." Akatafuta maneno ya kupunguza, akakosa. "Lakini kama ni vile mimi nafikiria, hutarudi hapa ukiwa na wa kuita."

Soila alishaelewa. Alielewa tangu yeye mwenyewe aliposema kijana, pale kwa chai, akaona Nasike akifunga kalamu.

"Nitamuuliza," alisema.

* * *

Nyumba ya Parsaoti ilikuwa ya ghorofa, mpya, imekaa peke yake imegeuzia mgongo shimo la zamani la kuchimba mawe. Mbele kulikuwa na geti kubwa na tenti na viti. Watu walijaa. Vijana wa kampeni walikuwa wamevaa shati zenye uso wa Sironka kifuani, na ukiangalia huo umati ilikuwa Sironka, Sironka, Sironka, amekaa, amesimama, anakunywa soda, anacheka na mwenzake.

Nasike alisimama kando ya Morgan, kwa mashine. Konstebo alikuwa kwa geti.

Parsaoti alishika maiki, amevaa suti nyeupe. Alilia. Alilia vizuri sana. Aliomba Mungu arudishe kijana, asamehe maadui, ampe nguvu ya kutetea ardhi ya watu. Kila Amina ilikuwa inagonga ukuta wa nyumba na kurudi. Halafu Soila akasimama.

Kwa ratiba hakuna aliyempangia kusimama. Morgan akamfikishia maiki ya pili kabla mtu akatae.

"Shemeji," Soila alisema, "mimi nimeita huyu mtoto mpaka koo imekauka. Naita peke yangu. Nisaidie. Mwite."

"Mama yetu," Parsaoti akasema na ile sauti ya mafuta, "tumuombee kijana wetu..."

"Kijana wetu ako na jina. Mwite mara moja. Wewe una spika kubwa, labda atasikia."

Watu wakacheka kidogo, wale wa nyuma. Wamama wa mbele hawakucheka. Dinah alikuwa ameshika mdomo.

"Sisi ni watu wa imani," Parsaoti alianza. Akasimama. Pumzi ile ile ikaingia kwa maiki, kubwa, ikajaza tenti. Mdomo ukafunguka. Kila mtu akangoja. Jasho ilikuwa inashuka kwa shingo na kuingia kwa suti. Mwanaume alikuwa anajaribu, hiyo ndio ilikuwa mbaya kuona. Midomo ilichukua umbo la lile jina, meno yakakutana, na hakuna kitu kilitoka.

"Si useme Mheshimiwa!" kijana mmoja akapiga kelele, akidhani anasaidia. "Sironka!"

"Basi mimi," Soila alisema.

Akaweka maiki karibu, akaita.

"Sironkaaa!"

Spika za Morgan zikabeba hilo jina juu ya tenti, juu ya paa. Kimya. Halafu likarudi. Liligonga ukuta wa mawe wa lile shimo nyuma ya nyumba likarudi, limechelewa, limekuwa nyembamba, kama sauti ya mwanaume. Mtoto akaanza kulia.

Nasike hakuwa anaangalia Soila. Alikuwa anaangalia watu. Mtu akiitwa, macho huenda pale atatokea. Umati wote, bila kuambiana, ulikuwa umegeuka ukaangalia geti.

Parsaoti aliangalia nyuma.

Ilikuwa kitu cha kupepesa tu, halafu akarudisha uso, akatabasamu. Lakini alikuwa ameangalia nyuma, kule kwa shimo, na bega lake lilikuwa limejikunja kama mtu ameguswa.

Nasike alimwona. Akageuka, akakuta Soila pia alimwona.

Soila aliweka maiki chini kwa kiti. Akaanza kutembea, akapita jukwaa, akashika kile kinjia cha kando ya nyumba. Dinah akainuka. Wamama wakainuka mmoja mmoja, kisha wote, na hakuna aliyepiga nduru.

"Mama," Parsaoti akasema, maiki bado iko mkononi, "mama, huko hakuna njia. Huko ni hatari. Mama Soila! Vijana, mzuieni!"

Vijana waliangaliana. Mmoja alishusha macho akaangalia ile sura kwa shati yake, akarudi nyuma, akawapisha.

"Funga geti," Nasike akamwambia konstebo. "Huyu asitoke. Akiuliza, mwambie ni mimi nimesema." Akakimbia.

Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, ya kijani, limetulia kama jicho. Matope ya ukingoni yalikuwa yameshikilia alama za magurudumu ya gari nzito, yenye ilirudi kinyumenyume mpaka karibu kabisa na mwisho. Mvua ilikuwa imezilainisha lakini hazikuwa zimekwisha. Kwenye mwiba chini kidogo, kitambaa chekundu kilikuwa kinapigwa na upepo.

Nasike alinyoosha mikono kuzuia wamama wasikanyage hapo. Soila alikuwa ameshasimama. Aliangalia kile kitambaa, akakitambua, akaangalia maji. Midomo yake haikusonga, hakuita tena. Kwa nyuma, spika za Morgan zilikuwa bado ziko wazi, na mtu alikuwa anapumua ndani yake.

Soila alivua viatu, akaketi chini kwa ukingo, akafunga shuka yake kiunoni.

"Leteni kamba," alisema.